Jumanne: Waya Ndani ya Ubongo

Soma Isaya 38:1–5, 21 na 2 Mambo ya Nyakati 16:12. Hezekia na Asa walitofautianaje walipokuwa wagonjwa?

Hezekia alikwisha kuahidiwa miaka 15 zaidi, na bado nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Dawa haikushindana na ahadi. Kosa la Asa nalo halikuwa kutibiwa, bali kuwategemea waganga huku akimwacha Bwana.

Mwaka 1987, huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid aligundua kwamba mapigo ya haraka ya umeme, yakifikishwa ndani kabisa ya ubongo, hutuliza mtetemeko. Tangu hapo wagonjwa wengi wa Parkinson wamewekewa waya mwembamba kichwani, unaopita chini ya ngozi hadi kwenye kifaa chenye betri kifuani. Asiyeweza kushika kikombe hukishika tena. Hata hivyo, ni kazi ya mikono ya wanadamu: damu yaweza kuvuja wakati wa upasuaji, maambukizi yaweza kuingia, waya waweza kukatika, na betri huisha. Daktari mwaminifu huyaeleza hayo mapema. Lakini liko jambo gumu zaidi.

Mwaka 2004 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mgonjwa wa miaka 62. Kifaa kilipowashwa, mwili ulipata nafuu lakini akili ilichafuka. Alisisimka kupita kiasi, asiweze kujitawala. Dawa hazikusaidia. Kilipozimwa, akili ilitulia, lakini akawa mtu wa kitandani, asiyejiweza. Nani aamue? Madaktari walikizima kwanza, ndipo wakamwuliza. Akiwa na akili timamu alichagua kiwashwe, ingawa ingempasa kuishi katika hospitali ya magonjwa ya akili.

Soma Isaya 1:18 na Warumi 12:1, 2. Mungu huzungumza na mtu kupitia akili, wala hamlazimishi. Kwa sababu hiyo wengine wataona kwamba mgonjwa yule alitoa kilicho bora ili apate kilicho duni. Lakini anayesema hivyo akumbuke kwamba hajalala kitandani pale. Walau madaktari wale walilinda jambo moja: hawakuupokea uamuzi kutoka kwa akili iliyotawaliwa na kifaa chenyewe.

Basi, haitoshi kuuliza kama kifaa ni salama. Mgonjwa na jamaa zake waulize kabla ya upasuaji: Tabia ikibadilika, nani atakuwa wa kwanza kuona? Nani atasikilizwa? Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hujiona mzima, na mke au mzee wa kanisa ndiye hutambua kwamba huyu si yule waliyemzoea. Kanisa linaloomba siku ya upasuaji na kutoweka baadaye limemwacha ndugu yake peke yake na mashine.

Je, kuna mgonjwa katika kanisa lenu ambaye mabadiliko yake mmeyaona, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia kwa upendo? Mfanye nini juma hili?