Ngurumo au Neno?

Somo la kutafakari: Yohane 12:28–30



Ndugu wapendwa, siku chache kabla ya mateso yake, Yesu alimwomba Baba alitukuze jina lake, na sauti ikajibu kutoka mbinguni. Umati uliokuwapo haukusikia kitu kimoja. Wengine walisema ni ngurumo, wengine wakadhani malaika amesema naye. Sauti ilikuwa moja. Masikio ndiyo yaliyotofautiana.

Ili tuelewe tofauti hiyo inatoka wapi, wiki hii nawaomba mkaitazame spika ya redio au sabufa iliyoko sebuleni. Kipupwe hiki, magari yakiacha lami ya barabara ya Morogoro na kuingia njia zetu za ndani hapa Visiga, vumbi linaishia majumbani na kutua kwenye kitambaa cha spika. Mvuke wa mafuta ya kukaangia nao ukikigusa, vumbi linanata. Vumbi jepesi halidhuru sana sauti. Utando ulioganda kwa muda mrefu ndio unaoziba vitundu vya kitambaa.

Ukiziba, redio hainyamazi, na hapo ndipo penye hatari. Besi bado inapenya. Zinazomezwa kwanza ni sauti nyembamba, zile za hertz 4,000 na zaidi, zinazobeba herufi kama "s" na "f". Tangu Redio Maria ianze matangazo yake Songea mwaka 1996, rozari imeingia katika nyumba nyingi nchini. Lakini kwenye spika iliyoziba, anayesikiliza anajua kuna mtu anasali, ila maneno hayashiki. Kabakiwa na ngurumo.

Basi tunaongeza sauti. Besi inazidi, jirani anakosa usingizi, na maneno hayajawa wazi hata kidogo. Katika imani tunafanya vivyo hivyo: tunatafuta mahubiri ya kelele zaidi, mkesha mrefu zaidi, muujiza mkubwa zaidi, kana kwamba Mungu ndiye mwenye sauti ndogo. Mzazi haeleweki na watoto, anafoka. Akifoka, anazidi kutoeleweka. Na vijana wetu wa Seminari ya Mtakatifu Maria, mnaosoma sekondari huku mkiupima wito, msisubiri radi. Anayewaita anasema, na usemi unataka sikio safi.

Wapo wanaochagua njia ya mkato: wanakichana kitambaa. Koni ya karatasi inabaki wazi, na kesho yake kidole cha mtoto kimeshaibonyeza. Kitambaa kiliwekwa kwa sababu. Moyo nao unahitaji kizuizi mbele ya umbea wa kijiweni na kila video inayotumwa kwenye simu. Kizuizi kibaki, kisafishwe.

Vumbi na mafuta havitoki kwa njia moja. Vumbi kavu linaondoka kwa brashi laini, ukiipitisha mara kwa mara. Hiyo ndiyo kazi ya kuchunguza dhamiri kabla ya kulala. Mafuta hayaogopi brashi. Haya ni yale tuliyoyapika wenyewe: kinyongo, wivu, ugomvi wa kiwanja uliowafikisha ndugu barazani. Hapo zima redio, vuta fremu ya kitambaa taratibu kwenye pembe zake, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua kwa nguvu. Kilichobandikwa kwa gundi usiking'oe. Kipanguse palepale kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Nasi tumepewa Kitubio. Kanisa linatudai kuungama dhambi nzito walau mara moja kwa mwaka, lakini hicho ni kiwango cha chini, na mafuta ya mwaka mzima yana kazi kutoka.

Kisha kitambaa kianikwe kivulini mpaka kikauke kabisa, maana kikirudishwa kibichi, kwa hewa hii ya Pwani, kitaota ukungu. Wengi wetu tunatoka kuungama na kukimbilia shughuli. Timiza malipizi. Mwendee uliyemkosea. Mpe Mungu nafasi ya kukausha alichokiosha.

Zoezi la wiki: katika jumuiya, kabla ya kusoma Injili, kila mmoja ajiulize moyoni, "Ni nani nyumbani kwangu ambaye siku hizi namsikia kama kelele tu?" Huenda ni mke, mume, mama mkwe, au mtoto aliyechoka kurudia jambo lilelile. Usimwambie apaze sauti. Kaa naye umsikilize mpaka uweze kumrudishia alichosema, naye akubali kuwa ndicho.

Tuombe: Ee Bwana, hatukuombi uongeze sauti. Tuondolee kinyongo na kiburi kilichoganda masikioni mwetu, ili ukisema tusikie neno, na tukilisikia tulitende. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.