Udhia wa Watoto na Subira ya Mzazi

Udhia wa watoto ni mambo ambayo hayana uzito yakitajwa moja moja, lakini humchosha mzazi kuliko kazi. Mtoto ameitwa mara tatu, haitiki. Kandambili ya mguu mmoja haionekani, na wenzake wameshatangulia chuoni. Dumu la maji limepinduliwa punde tu baada ya kujazwa. Katika kata ya Rasbura, Manispaa ya Lindi, kama kwingine mwambaoni, mambo haya hupenda kukutana jioni: nazi haijakunwa, mkaa haujashika, magharibi inaingia, na mtoto anauliza swali lile lile aliloanza nalo asubuhi. Msiba una matanga na dua, na majirani huja kutoa pole. Kwa kandambili iliyopotea hakuna anayebisha hodi.

Hapo ndipo linapozuka swali la dini: kuvumilia mambo madogo kiasi hiki ni subira yenye thawabu, au ni upole wa kuzaliwa tu? Mifano inayozoeleka katika mawaidha ni ya makubwa, kama Ayubu na maradhi yake au Yaakub na kupotelewa na Yusuf. Msikilizaji anaweza kutoka msikitini akidhani kwamba subira ni ya siku za balaa, na kwamba mambo ya jikoni hayamo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligawa jambo hili vizuri zaidi katika Ihya Ulum al-Din. Kuna subira katika yaliyo ndani ya hiari ya mtu, yaani kutii na kujizuia na maasi. Kuna subira katika yaliyo nje ya hiari yake kabisa, kama kufiwa na kuugua. Kati ya hizo mbili aliweka maudhi yanayotoka kwa watu: mtu hakuyataka, ila kulipiza au kutolipiza ni juu yake. Udhia wa watoto unaingia katika fungu hili, tena kwa namna ya hatari. Aliyefiwa hana wa kumlipiza. Mzazi aliyemwagiwa maji anaye, yuko karibu, ni mdogo, na hawezi kujitetea. Kwa hiyo jambo dogo huweza kuwa mtihani mkali kuliko kubwa.

Lakini kuzuia mkono ni nusu tu ya subira hii. Nusu ya pili, iliyo muhimu zaidi, ni kutambua kama kuna kosa. Kwa mujibu wa hadithi, kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, haandikiwi dhambi. Mtoto wa miaka 4 anayerudia swali hamdharau mama yake, anataka jibu. Imamu Nasai amepokea kwamba Mtume Muhammad alirefusha sijda akiwa anaswalisha watu, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, na baada ya swala akawaeleza maswahaba kuwa hakupenda kumharakisha. Katika tukio hilo mtoto hakusamehewa, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa amekosa. Hakukuwa na hasira ya kumeza. Fundisho hilo lina kina kuliko mawaidha mengi ya kuzuia ghadhabu.

Wapo wanaojibu kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba uvumilivu mwingi huharibu mtoto. Ni kweli kwamba malezi yanahitaji kukanya. Ghazali mwenyewe alisisitiza adabu, lakini alionya kuwa kukaripia kila mara hulifanya karipio liwe jepesi sikioni mwa mtoto, na alitaka mtoto apewe nafasi ya kucheza baada ya masomo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inakataza adhabu ya kikatili, na haikubali adabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto. Kipimo kimoja kinafaa: je, kitendo hicho hicho kingekaripiwa asubuhi, mzazi akiwa amelala vizuri na ameshiba? Kama kisingekaripiwa, basi mtoto anaadhibiwa kwa uchovu usio wake.

Na uchovu huo haugawanywi sawa. Mahubiri ya subira huelekezwa mno kwa akina mama, ambao ndio wanaoshinda na watoto huku wakichota maji na kupika. Ilhali katika Sura ya Luqman anayemkalisha mwanawe na kumwusia juu ya kusubiri na kushusha sauti ni baba. Baba anayetoka na mtoto mmoja kwenda ufukweni wakati chakula kinapikwa anaupunguza mtihani huo kwa kitendo. Mama naye, akiwapeleka watoto kwa bibi yao kwa saa moja ili apumzike, hajapungukiwa na subira.