Furaha ya Mwamini Mpango Unapovunjika

Si ajabu kwa binadamu kupanga, wala si ajabu kwa mpango wake kuvunjika. Swali gumu ni lile lifuatalo baada ya kuvunjika: je, furaha ambayo Mkristo huambiwa aione katika saa ile ni furaha ya kweli, au ni maneno ya yule sungura aliyeyakosa matunda, akaenda zake akisema kuwa hayataki kwa sababu ni mabichi?

Katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria, toka Shinyanga mpaka Geita, swali hili halihitaji kutungiwa mfano. Watu wengi huko huishi kwa kutumaini kitu kisichoonekana. Mchimbaji mdogo huuza ng'ombe wake, hukopa unga, huchimba duara miezi mingi, husaga mwamba katika karasha na kuukamatisha kwa zebaki. Na mara nyingi kinachosalia baada ya moto hakitoshi kulipia hata ule unga aliokopa. Jumapili huenda kanisani, akaambiwa kwamba Mungu anao mpango ulio bora zaidi. Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Walakini yakitazamwa kwa makini huonekana kuwa ni maneno yale yale ya machimboni: duara hili limekataa, lijalo litakubali. Hata marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, hununuliwa kwa sababu ya dhahabu iliyobaki ndani yake, na kwa dawa kali dhahabu hiyo hutoka kweli. Basi mhubiri huvutwa kusema kwamba kila hasara ina dhahabu iliyofichika. Mfano huu ni mzuri kupita kiasi, na ndipo ilipo hatari yake. Imani iliyojengwa juu yake haimtegemei Mungu. Hutegemea faida, na humfanya Mungu kuwa mdhamini wa deni.

Mwezi wa Oktoba 2015 machimbo ya Nyangalata, katika wilaya ya Kahama, yaliporomoka na kuwafungia wachimbaji chini ya ardhi. Baada ya siku 41 watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao wa sita alikuwa amekufa humo humo. Kushukuru kwa ajili ya watano ni kwepesi. Lakini maelezo ya furaha yasiyoweza kusemwa mbele ya jamaa za yule wa sita ni maelezo yenye upungufu, hata yakipendeza namna gani masikioni mwa wale watano. Akisema mtu kwamba Mungu aliwapangia watano mema, hana budi kueleza alimpangia nini wa sita; na hapo wengi hunyamaza, au husema maneno ambayo afadhali wangenyamaza. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba pasipo kutamka neno, na katika kisa chao chote hakuna walilolifanya vizuri kuliko hilo.

Pana jambo jingine, nalo lasemwa hapa kwa ufupi kwa kuwa ni wazi. Duara likiporomoka kwa sababu halikutiwa magogo ya kutosha, kuyaita mapenzi ya Mungu ni kulifanya jina lake kuwa pazia la uzembe. Imani haimwondolei mtu wajibu wa kupanga vizuri.

Basi na itafutwe furaha isiyongoja malipo. Mfano wake mmoja ulipatikana kusini mwa ziwa lile lile, kabla dhahabu ya Geita haijaanza kutafutwa. Alexander Mackay, mhandisi wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1849, alifika Unguja mwaka 1876 kwa kusudi la kwenda Buganda na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Mwanzo wa safari yake ulikuwa mfululizo wa mipango iliyoharibika. Alipasua njia kutoka Sadani mpaka Mpwapwa, maili 230 hivi, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877. Alifika Buganda mwaka 1878, akafanya kazi ya uhunzi, useremala na kupiga chapa, hata Kabaka Mwanga alipomfukuza mwezi wa Julai 1887. Alivuka ziwa akakaa Usambiro. Askofu Hannington alikuwa amekwisha kuuawa Busoga mwaka 1885. Aliyemfuata, Askofu Parker, alifia Usambiro kwa Mackay mwezi wa Machi 1888.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mackay, ambaye alikuwa mhunzi kweli, aliitimiza methali hiyo pasipo kuisikia, pengine. Kule Usambiro aliendelea kutafsiri Injili kwa Kiganda pamoja na Baganda waliokuwa naye, kwa ajili ya watu wa nchi aliyokatazwa kuikanyaga. Barua zake hazikuwa za mtu mwenye kicheko. Alikuwa mpweke, na homa ilikuwa ikimrudia. Ikiwa furaha ni uchangamfu, basi hakuwa nayo. Lakini ikiwa furaha ni uhuru wa moyo wa kuifanya kazi ya leo kwa mapenzi, bila kuilazimisha kesho itoe stakabadhi, ni vigumu kukana kwamba alikuwa nayo. Hivyo ndivyo Paulo naye alivyoweza kuwaandikia Wafilipi habari za furaha akiwa kifungoni, hali hajui kama atafunguliwa au atauawa.

Hapa msomaji mwerevu atasema kwamba mpango wa Mackay haukuvunjika, kwani Kanisa la Uganda lilikua sana baadaye, hata mwaka 1927 mifupa yake ikahamishwa ikazikwa Namirembe kwa heshima. Habari hizo ni kweli, lakini hazisaidii hoja. Mackay hakuijua 1927. Kama furaha yake ilikuwa mkopo wa kulipwa mwaka ule, basi mwaka 1889 alikuwa maskini tu, na yule mchimbaji wa kukata tamaa hana la kujifunza kwake ila kungoja tena duara lijalo.

Mwezi wa Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro na msafara wake mkubwa, akitoka na Emin Pasha kuelekea pwani. Njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi, na walinzi walikuwapo. Mackay aliwapokea wageni, akawalisha, na walipoondoka akabaki. Chama chake nacho kilimtaka arudi Ulaya apumzike, asikubali. Alijibu kwa kuomba watu wengine waletwe. Mwezi wa Februari 1890 homa ilimshika kwa siku chache akafa, mwenye umri wa miaka 40, kazi ingali mkononi, na Buganda ng'ambo ya maji.