Tuzo ya Zamu

Hapa Asiatique, Bujumbura, maghala hulindwa usiku na walinzi tunaowaita zamu. Tuseme watu wamekuja na mawe wakidai mwizi ameingia, na zamu anajibu: "Nimekagua, sijaona dalili." Wakimpuuza, je, baadaye anastahili tuzo?

Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, Mmisri aliyeongoza Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hati zilizodai Iraki inanunua urani kutoka Nijeri si za kweli. Siku 13 baadaye vita vilianza. Mwaka 2005 Marekani ilipinga apewe muhula wa tatu, lakini akaupata. Oktoba, yeye na shirika lake wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Wapo waliosema tuzo ile ilikuwa siasa, kofi kwa Washington. Huenda. Lakini neno lake halikufanywa kweli na tuzo. Lilikuwa kweli tangu siku lilipomletea lawama. Kwa hiyo anastahili. Ila sisi tunaomsifu zamu asubuhi tujiulize: usiku tulishika nini mkononi?