Je, Yafaa Kuinyamazisha Kengele ya Hatari?

Wazee wetu husema: tahadhari kabla ya hatari. Lakini je, tahadhari yenyewe ikimwumiza mtu, afanyeje?

Swali hili lilitukuta tulipokwenda kumtembelea binti yetu Uingereza. Huko England, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, sheria humtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke king'ora cha moshi katika kila ghorofa inayokaliwa. Ni kifaa kidogo kama kisahani, nacho hubandikwa darini. Kikipata moshi hulia kwa nguvu ya desibeli 85 hivi, kwa umbali wa mita 3. Ukali huo umekusudiwa, maana lazima kimwamshe aliyelala fofofo.

Mjukuu wetu ana masikio mepesi mno. Sauti ambayo kwetu ni kero tu, kwake ni maumivu hasa. Jioni moja mama yake alikuwa akikaanga samaki, king'ora kikalia. Mtoto aliingia chini ya meza, akaziba masikio, akatetemeka hata baada ya kimya kurudi. Baba yake, kwa huruma, akatoa betri.

Nasi tulimwambia mtoto, "Jikaze, utazoea." Twakiri kwamba tulikosa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usiku ule tuliwakumbuka wanafunzi wetu wa zamani waliokuwa wakiziba masikio kila rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni ilipogongwa. Tuliwaita watundu, na wengine tuliwaadhibu. Hatukuwauliza hata mara moja kama waliumia.

Hata hivyo, baba naye alikosa. Moto haumchagui mwenye masikio mepesi, na moshi huweza kummaliza mtu usingizini asijue. Huruma inayomwondolea mtoto maumivu ya leo na kumwacha bila mlinzi usiku haijatimia. Tena, kwa kutoa betri ile, aliwaamulia wote waliolala humo.

Basi betri ikarudishwa usiku ule ule. Kesho yake mwenye nyumba aliombwa, naye akakubali: jikoni kikawekwa kifaa kinachotambua joto badala ya moshi, na king'ora cha moshi kikahamishiwa ukumbini, mbali na kikaango. Siku ya kukijaribu, mtoto huarifiwa mapema, akatoka nje kwanza. Pia alifundishwa njia ya kutokea, ili sauti ile imwambie la kufanya, isimtie hofu tu.

King'ora hakikupunguzwa sauti, ila hakimvamii tena bila sababu. Hivyo yatupasa kutenda: tusiuzime ulinzi kwa ajili ya mnyonge, wala tusimdharau mnyonge kwa ajili ya ulinzi. Na tumwonapo mtoto ameziba masikio, tusianze kwa kumkemea. Tumwulize kwanza anaumia wapi.