Meza ya Peke Yao



Wapendwa vijana wenzangu, leo naandika juu ya jambo lililonisumbua tangu mwezi wa tano. Sijalimaliza moyoni na sitajifanya nimelimaliza.

Parokiani kwetu hapa Arusha tuna kikundi cha vijana wanaopenda mitindo. Tulianza na cherehani mbili na mama mmoja fundi aliyejitolea kutufundisha kukata na kushona. Siku hizi tuko kama ishirini na tano. Jumamosi jioni, kwaya ikishamaliza mazoezi, tunakaa ukumbini tunashona na kuchambua nguo: gauni la sendofu lililokatwa vibaya mabegani, kitenge kinachochuja siku ya kwanza, suti ya bwana harusi iliyombana mpaka anashindwa kupiga magoti altareni. Jamani, tunacheka. Mimi ndiye katibu.

Basi mwezi wa tano mabinti watano wa Kimaasai walinifuata. Walitaka Jumamosi moja kwa mwezi wawe na meza yao, wao kwa wao, wazungumze mambo ya shanga, mashuka na mavazi ya kwao. Nikawajibu hapo hapo, hata sikukaa kufikiri: "Hapana dada zangu, hapa hatuleti ukabila."

Mkubwa wao akasema, "Sawa, katibu." Jumamosi iliyofuata watatu hawakuja.

Niseme kwanza kwa nini nilijibu vile, maana sidhani nilikuwa mjinga. Sisi Watanzania tumelelewa hivyo. Mwalimu Nyerere alitufundisha kuona aibu kuulizana kabila, na mimi namshukuru Mungu kwa aibu hiyo. Kanisa nalo, tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kuzijenga jumuiya ndogo ndogo, limetupanga kwa mtaa, si kwa ukoo. Jumuiya unaipata kwa kuwa nyumba zenu zinapakana, basi. Umpende jirani yako usimpende, Rozari mtasali pamoja.

Tena kuna Buta. Ambaye hajaisikia habari hii aisikie leo. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wauaji wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawakuta vijana bwenini. Wakawaamuru watengane, Wahutu huku, Watutsi huku. Vijana wakakataa. Waliuawa 40. Wengi wao walikuwa wa umri wetu, na wengine wadogo kuliko sisi. Kila nikisikia mtu anasema "tutengane kidogo, sisi kwa sisi," hata kama ni kwa ajili ya shanga tu, naikumbuka amri ile. Hofu yangu ilitoka huko, na mpaka leo sioni kama ni hofu ya bure.

Mama fundi alipopata habari aliniuliza swali moja tu: "Umewauliza wanataka kuongea nini?" Sikuwa nimewauliza. Nikaenda nyumbani kwa yule mkubwa wao, tukakaa nje na chai.

Hakunilaumu haraka. Alianza na vitu vidogo. Kwamba kikundini akileta mada ya shanga, mtu anasema "hayo ya kimila, turudi kwenye magauni." Kwamba kuna kijana akiona shuka lazima afanye utani wa kulinda geti, na sote tunacheka, na yeye anacheka pia, maana asipocheka ataonekana ana hasira. Kwamba kila akitaka kueleza kitu lazima aanzie mwanzo kabisa, kama mwalimu wa chekechea, na akifika kwenye kitu chenyewe muda umeisha. "Hatutaki kuwatenga nyie," alisema. "Tunataka tubishane sisi. Sisi wenyewe hatukubaliani kuhusu shanga. Lakini mbele yenu tunalazimika kukubaliana."

Halafu akafika kwangu. Siku ya utamaduni hapa parokiani, mwaka jana, mimi ndiye nilipita jukwaani na mapambo ya shanga mapana, yale ya kifuani yanayoning'inia mpaka chini. Nilipigiwa makofi sana, hata Paroko alipiga. "Yale ni ya bi harusi," akasema. "Bibi yangu alikuwa mstari wa pili."

Kwa Wamaasai shanga zinasema. Zinasema wewe ni binti, umeolewa, una mtoto, uko rika gani. Mimi niliona rangi tu. Nilikuwa nimetembea mbele ya watu nikisema jambo kwa lugha nisiyoijua, huku nimetabasamu.

Nikaanza kuwauliza wazee. Wakanieleza historia ambayo shuleni sikuisikia. Mwishoni mwa mwaka 1967 na kuingia 1968 ilipitishwa kampeni, hasa huku kwetu mkoani Arusha, ya kuwataka Wamaasai waache lubega na kujipaka udongo mwekundu, wavae "kistaarabu". Mwenye lubega aliweza kukataliwa kwenye basi. Mwaka uliofuata vijana wa TANU wakageukia mijini: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, vyote vikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Yote hayo kwa jina la taifa moja. Sasa angalia mambo yalivyogeuka. Mwaka 2012 Louis Vuitton wakaleta mavazi ya wanaume yenye michoro ya mashuka yale yale, na leo Mtanzania akienda Ulaya kuonesha utamaduni wake, kitu cha kwanza anachofungasha ni shuka la Kimaasai. Vazi lililotuaibisha limekuwa sare yetu. Wenyewe walioaibishwa, nani aliwaita mezani?

Ndipo nikaona kasoro ya jibu langu. Niliposema "hapa hatuleti ukabila," nilifikiri meza yetu kubwa haina kabila. Ilikuwa nalo. Ilikuwa na ladha ya sisi tulio wengi, utani wa sisi tulio wengi, na mada tulizozijua sisi. Aliye wengi haoni kabila lake, kama vile mtu asivyosikia lafudhi yake mwenyewe. Umoja wa namna hiyo unamwomba mmoja tu avue.

Nikarudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6. Tunaipenda kwa sababu ya Stefano, lakini mwanzo wake ni malalamiko ya kikabila kabisa. Waumini Wayahudi wenye kusema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wangeweza kuwajibu kama nilivyojibu mimi: sote tumebatizwa, acheni utengano. Na wangekuwa na maneno mazuri ya kusemea, maana ni kweli katika Kristo hakuna Myahudi wala Mgiriki. Hawakufanya hivyo. Waliwaita wote, wakachaguliwa wanaume saba, na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Kanisa lilisikia kundi lililopunjwa likalikabidhi kazi ile, na kazi yenyewe ilikuwa mgao wa wote, si wa wajane wao peke yao.

Kwenye mitindo kwenyewe jambo hili si geni. Mwaka 1988 kule Marekani, Bethann Hardison na Iman, yule binti wa Kisomali aliyegunduliwa Nairobi, waliunda umoja wa wanamitindo weusi. Kuna watu hujiuliza wanajitenga kwa nini wakati kazi ni moja. Lakini mwaka 2013 Hardison ndiye aliyeandikia mabaraza ya mitindo ya New York, London, Milan na Paris barua akiwataja wabunifu waliopitisha jukwaani mwanamitindo mmoja tu asiye mzungu au wasipitishe hata mmoja. Umoja ule wa peke yao uliwapa nguvu ya kuja kusema kwenye meza ya wote. Na sisi tusijisahau: Mtanzania akihamia ughaibuni, Jumapili ya kwanza anatafuta Misa ya Kiswahili. Hakuna anayemwambia analeta utengano.

Kwa hiyo nilibadili jibu, nikaitisha kikao nikiwa na uhakika mkubwa. Uhakika ule ulidumu dakika kumi.

Msichana mmoja alisimama, mpole sana, huwa haongei. "Mama yangu ni Mmaasai, baba Mchaga. Mimi nikae wapi?" Halafu kijana wa Kiarusha akasema wao wanaongea Kimaa na shanga wanavaa, lakini ni wakulima, je, wameitwa? Ukumbi ukanyamaza. Nilitamani Paroko atokee mlangoni.

Nikapendekeza tuiite "meza ya shanga", aje yeyote mwenye kupenda shanga. Yule dada mkubwa akakataa: "Hapo mtajaa nyie, na mimi nitarudi kuwa mwalimu wa chekechea." Alikuwa na haki. Na yule mpole naye alikuwa na haki. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyesema: meza iwe ya aliyelelewa na shanga nyumbani, kwa mama, kwa baba, kwa bibi, na mtu asiulizwe damu. Wakakubaliana. Wakaongeza kwamba kila miezi mitatu watatueleza walichozungumza, wakipenda. Hilo "wakipenda" lilinichoma kidogo, lakini nimeliandika kwenye daftari la kikao kama lilivyo.

Mimi bado nina hofu. Meza ya waliosahauliwa inaweza kuja kuwa meza ya kuwasema wengine, na siku ikifika mahali pa kumhoji yule mpole ni nusu au ni mzima, nitakuwa wa kwanza kuomba ivunjwe. Simwombi mtu anihakikishie kwamba haitafika huko. Nakaa karibu, ndiyo kazi ya katibu.

Jumamosi yao ya kwanza nilikwenda kupanga viti, na nilibeba yale mapambo nirudishe, maana bibi yake yule dada alikuwa amealikwa. Nikamwamkia, nikamwomba radhi mbele yao. Bibi akayapokea kwa mikono miwili, akayageuza, akayasogeza karibu na macho, akasema kitu kwa Kimaa. Mabinti wote wakaangua kicheko.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema haya yalitengenezwa kwa ajili ya watalii. Rangi zimekosewa."

Mmoja akasema hapana, siku hizi zinapangwa hivyo hivyo huko kwao. Mwingine akapinga. Bibi akapandisha sauti. Baada ya hapo sikuelewa hata neno moja, nikachukua mkoba wangu nikatoka, wakaendelea kubishana.