Mtoto si nyara za talaka

Nina mwanafunzi wa madrasa, umri wake miaka minane, ambaye Jumatatu nyingi huja bila msahafu. Nilidhani ni uzembe. Nilipomwuliza, akanijibu: "Ustadhi, msahafu umebaki kwa baba, na mimi nimelala kwa mama."

Wazazi wake wameachana. Baba anasema mtoto ni damu yake na anabeba jina lake. Mama anasema amembeba tumboni miezi tisa. Wote wanasema kweli. Lakini wote wanazungumzia haki zao tu.

Ndugu Waislamu, hadhana, yaani ulezi wa mtoto, ni haki ya nani? Wanazuoni walilijadili suala hili zamani. Wapo walioona ni haki ya mlezi, na wapo walioona ni haki ya mtoto iliyo shingoni mwa mlezi. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kuwa mwanamke alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mume aliyemwacha anataka kumnyang'anya mwanawe. Mtume akamwambia kuwa yeye ana haki zaidi maadamu hajaolewa. Ajabu ni kwamba baadhi ya akina baba wamehifadhi sharti la mwisho tu, wakasahau hukumu yenyewe. Wanasubiri mama aolewe kama mwindaji anavyosubiri mtego ufyatuke.

Atasema mtu: basi mtoto achague mwenyewe. Ni kweli kuwa katika madhehebu ya Shafi, mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba, hupewa hiari. Lakini Ibn al-Qayyim ananukuu kutoka kwa mwalimu wake, Ibn Taymiyya, kisa cha mtoto aliyemchagua baba. Alipoulizwa sababu, akasema mama humpeleka chuoni ambako mwalimu humpiga, na baba humwacha acheze. Kadhi akampa mama. Kwa hiyo hata chaguo la mtoto hupimwa kwa maslahi yake.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, nayo inaitaka mahakama itangulize maslahi ya mtoto, na inachukulia kuwa aliye chini ya miaka saba ni kheri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Likikubalika hilo, mengi yananyooka. Baba anayesema, "Kama anamtaka, amlishe mwenyewe," anajidanganya, kwani nafaka ni deni lake popote mtoto alalapo. Na mama anayemficha mtoto kwa sababu nafaka imechelewa naye anakosea, kwani kumwona baba ni haki ya mtoto. Moja haliwi bei ya jingine. Suratul-Baqara, aya ya 233, imekwishakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile.

Nawashauri walioachana, kabla ya kupelekana mahakamani, wakae mbele ya wazee na waandikiane: siku za mtoto kwa kila mzazi, ada, matibabu, na nani atampeleka madrasa. Ndoa imekwisha, uzazi haujaisha.

Mwanafunzi wangu nimempatia msahafu wa pili, mmoja kwa kila nyumba. Hilo niliweza. Kumpatanishia wazazi wake ni kazi yao wenyewe, nao wataulizwa.

Wabillahi tawfiq.